Kutoka Kigali hadi Masaka: Jinsi ya kuingia katika mbio za baiskeli bila kufilisika

Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, yaliyofanyika Kigali, Rwanda, kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, yalikuwa ya kwanza kuandaliwa katika bara la Afrika. Katika mbio kuu za wanaume, waendeshaji walipita kilomita 267.5 za kupanda na kushuka vilima vya mji huo, na kati ya zaidi ya watu 160 walioanza, ni 30 tu waliofika mwisho. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia.

Mashindano hayo yamekwisha, lakini yamewaachia vijana wengi wa nchi jirani hamu ya kushindana, pamoja na swali gumu ambalo familia zao ndizo hulazimika kulijibu: baiskeli ya mbio itapatikana wapi, na kwa fedha gani? Baiskeli zinazotumiwa na timu kubwa za Ulaya huuzwa madukani kwa zaidi ya dola 10,000 za Marekani kila moja. Kwa mkulima au mwendesha bodaboda wa ukanda huu, hizo ni fedha za kununulia shamba au kujengea nyumba, si za kununulia chombo cha michezo ambacho hakiwezi hata kubeba mkungu mmoja wa ndizi.

Hata hivyo, historia ya mchezo huo nchini Rwanda na Kenya inaonyesha kwamba kuna njia nyingine. Mwanzoni, tatizo kubwa la kijana huwa si kukosa baiskeli ya dola 10,000. Tatizo ni kutojua ni kifaa gani kinachostahili fedha zake chache, kipi kinaweza kusubiri, na kipi kinaweza kumletea hatari.

Rwanda ilianzia wapi

Kabla ya baiskeli za kisasa, watu wa Rwanda walikuwa wakisafirisha viazi, kuni na mizigo mingine kwa vyombo vya mbao vya magurudumu mawili. Ndugu zao wa upande wa pili wa mpaka, katika mji wa Goma nchini Kongo, bado hutumia chombo cha aina hiyo kiitwacho chukudu, na mji huo umekijengea sanamu kwa heshima ya kazi kinayofanya.

Mwaka 2005, Tom Ritchey, mtengenezaji wa baiskeli kutoka California, aliitembelea Rwanda na kuona jinsi wakulima walivyotegemea vyombo hivyo pamoja na baiskeli nzito za chuma. Kutokana na ziara hiyo ulizaliwa mradi wa baiskeli za mizigo kwa wakulima wa kahawa, na pia wazo la kuunda timu ya mbio. Mwaka 2007 Jonathan Boyer, ambaye mwaka 1981 alikuwa Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, alianza kuwafundisha vijana wa Rwanda. Baadhi yao walikuwa wamejenga miguu yao kwa kubeba abiria na mizigo kwa baiskeli.

Mmoja wa vijana wa kizazi hicho, Adrien Niyonshuti, alibeba bendera ya Rwanda katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012 na kushiriki mbio za baiskeli za milimani. Miaka miwili baadaye, Valens Ndayisenga akawa Mnyarwanda wa kwanza kushinda Tour du Rwanda tangu mbio hizo zilipoingizwa katika kalenda ya kimataifa mwaka 2009.

Vijana hao hawakununua vifaa vyao wenyewe. Baiskeli zilikuwa mali ya timu, zilitumiwa na mtu huyu leo na mwingine kesho, na zilitunzwa na mafundi waliofunzwa nchini. Jambo hilo ni muhimu kwa mzazi anayefikiria kuuza ng'ombe ili mwanawe apate baiskeli: katika ukanda huu, waliofika mbali wengi wao walianza kwa kuazima.

Kwa nini baiskeli ya mbio ni ghali

Sehemu kubwa ya bei inatokana na wepesi. Fremu za kaboni hutengenezwa kwa nyuzi zinazopangwa tabaka juu ya tabaka, kazi ambayo kwa kiasi kikubwa hufanywa kwa mikono. Kila gramu inayopunguzwa baada ya hapo huongeza gharama kuliko gramu iliyotangulia.

Lakini wepesi huo una mpaka. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli, UCI, zinakataza baiskeli yenye uzito wa chini ya kilo 6.8 kutumika katika mbio za barabarani. Kwa hiyo hata timu tajiri kuliko zote haiwezi kuendelea kununua wepesi bila kikomo.

Teknolojia nayo hushuka ngazi. Kampuni ya Shimano ya Japani ilitoa gia 11 za nyuma katika daraja lake la juu, Dura-Ace, mwaka 2012. Kufikia mwaka 2014 idadi hiyo hiyo ya gia ilikuwa imefika katika daraja la kati, liitwalo 105. Anayekubali kubaki nyuma ya mabingwa kwa miaka michache hupata kitu kinachofanya kazi karibu sawa na chao, kwa sehemu ndogo ya bei.

Mfano mwingine ni breki. UCI iliruhusu rasmi breki za diski katika mbio za barabarani mwaka 2018, na tangu hapo viwanda vimehamia huko. Matokeo yake ni kwamba baiskeli zenye breki za zamani, zile zinazobana rimu, zimeshuka thamani katika masoko ya mitumba ya Ulaya. Kushuka huko hakumaanishi kwamba zimekuwa mbovu: Egan Bernal wa Kolombia alishinda Tour de France ya mwaka 2019 kwa baiskeli ya breki za rimu. Kwa mtu wa Kabale au Eldoret, breki hizo zina faida ya ziada, kwa sababu zinavutwa kwa waya wa kawaida na karibu kila fundi wa mjini anaweza kuzirekebisha. Breki nyingi za diski za baiskeli mpya za mbio hutumia mafuta maalumu na vifaa ambavyo fundi wa kawaida hana.

Fedha iende wapi kwanza

Hesabu rahisi inaweza kumsaidia anayeanza. Mwendeshaji wa kilo 60 akiwa juu ya baiskeli ya kilo 7 hupandisha mlimani kilo 67. Akitumia baiskeli ya alumini ya kilo 9, hupandisha kilo 69, yaani ongezeko la asilimia 3 hivi. Katika mlima mkali unaochukua dakika 20, tofauti hiyo humgharimu takriban nusu dakika. Kwa bingwa wa dunia, nusu dakika ni ushindi au kushindwa. Kwa kijana ambaye hajafanya mazoezi ya mwaka mmoja mfululizo, mazoezi yatampa dakika kadhaa katika mlima huo huo, wala hayauzwi dukani.

Kwenye barabara tambarare uzito huo hauna athari kubwa. Mwendeshaji anayekwenda kilomita 40 kwa saa hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kupambana na hewa, na kinachokamata hewa zaidi si baiskeli bali mwili wake. Kuinama vizuri, kuingiza viwiko ndani, kuvaa nguo zinazobana mwili na kujua kukaa nyuma ya mwenzake ni mambo yanayookoa nguvu nyingi kuliko magurudumu ya bei kubwa.

Kwa sababu hizo, mpangilio wa matumizi unaofaa kwa mwenye fedha chache ni huu: kwanza kofia ngumu, pili fremu inayolingana na kimo chake, tatu breki na tairi nzuri, nne kaptula yenye sponji kwa ajili ya safari za saa nyingi, tano viatu na pedeli za kufunga. Magurudumu ya kaboni, gia za umeme na kompyuta za kupimia nguvu vinaweza kusubiri hadi atakapokuwa akishindana kwa uhakika.

Fremu isiyolingana na mwili ni hasara hata ikitolewa bure, kwa kuwa huumiza magoti na mgongo. Kipimo cha kuanzia cha urefu wa kiti ni rahisi: mwendeshaji akikaa huku ameweka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu wake unapaswa kunyooka. Atakapoweka sehemu ya mbele ya wayo, kama inavyotakiwa wakati wa kuendesha, goti litabaki limekunjwa kidogo. Ikiwa kiti hakiwezi kupandishwa au kushushwa hadi kufikia kipimo hicho, baiskeli hiyo si yake.

Kukagua baiskeli ya mtumba

Kwa wengi, baiskeli ya kwanza ya mbio itakuwa ya mtumba. Soko hilo lina bidhaa nzuri, lakini pia lina mitego, na tofauti kati ya hizo mbili haionekani kwa rangi ya baiskeli.

Fremu ya chuma ndiyo nzito kuliko nyingine, lakini huonyesha ugonjwa wake mapema kwa kutu au kupinda, na fundi mwenye ujuzi wa mabomba membamba anaweza kuichomelea. Fremu ya alumini ni nyepesi zaidi na bei yake mara nyingi ni ya wastani. Hiyo inapaswa kuchunguzwa nyufa kwenye maungio, hasa pale usukani unapokutana na fremu na pale mikono ya pedeli inapopita.

Fremu ya kaboni inahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Baada ya kugongwa inaweza kuwa imepasuka ndani huku rangi ya juu ikionekana salama, na siku ya kuvunjika haitoi onyo. Mnunuzi ajihadhari na sehemu iliyopakwa rangi upya, mstari mwembamba unaozunguka bomba, au sehemu inayobonyea kwa kidole. Bila mtu anayeielewa kaboni wa kumsaidia kukagua, ni busara kuchagua alumini au chuma.

Baada ya fremu, magurudumu yazungushwe ili kuona kama yanayumba. Breki ya mbele ibanwe na baiskeli isukumwe mbele na nyuma. Mgongano unaosikika au kuhisika kwenye usukani ni dalili ya beringi zilizolegea au kuchakaa. Tairi zichunguzwe pembeni, kwa sababu mpira uliokaa ghalani kwa miaka hupasuka hata kama haujatembea.

Idadi ya gia nayo ni suala la uchumi. Minyororo na gia za nyuma za mifumo ya gia 8, 9 au 10 kwa kawaida ni nafuu kuliko zile za mifumo mipya ya gia 12. Kabla ya kulipa, mnunuzi aende kwa wauza vipuri wa mji wake na kuuliza kama mnyororo na gia za baiskeli ile vinapatikana. Baiskeli iliyonunuliwa kwa bei nafuu ikakosa kipuri hubaki imesimama ukutani.

Jambo la mwisho ni umiliki. Fremu nyingi huwa na nambari iliyogongwa chini, karibu na pedeli. Nambari hiyo iandikwe kwenye risiti pamoja na jina la muuzaji, na anayenunua katika nchi jirani aulize ofisi ya forodha kuhusu ushuru kabla ya kufika mpakani. Baiskeli isiyo na karatasi inaweza kukamatwa ikidhaniwa kuwa ya wizi, na fedha za familia zikapotea.

Kofia isinunuliwe ya mtumba

Kifaa kimoja hakistahili kutafutwa mitumbani kabisa, nacho ni kofia ngumu. Ndani yake kuna povu gumu linalobondeka ili kumeza nguvu ya pigo badala ya fuvu la kichwa. Likishabondeka mara moja haliwezi kurudia kazi hiyo, na ufa wake unaweza kufichwa na ganda la juu. Anayenunua kofia iliyotumika hana namna ya kujua kama imewahi kuanguka.

Umuhimu wa kofia ulitambuliwa na mchezo huo kwa gharama ya maisha. Mwezi Machi 2003, Andrey Kivilev wa Kazakhstan alifariki baada ya kuanguka katika mbio za Paris–Nice bila kofia, na mwaka huo huo UCI ikafanya uvaaji wa kofia kuwa wa lazima. Kofia mpya ya bei ya wastani yenye alama ya kiwango cha Ulaya, EN 1078, au ya Marekani, CPSC, ni bora kuliko kofia ya jina kubwa ambayo asili yake haijulikani. Kwa kuwa bidhaa bandia pia zipo sokoni, ni vyema kununua kwa muuzaji anayetoa risiti.

Rula inayookoa fedha

Baada ya kununua, gharama hutegemea matunzo. Kipuri kinachoharibu vingine kikipuuzwa ni mnyororo. Kadiri unavyotumika, pini zake huchakaa na mnyororo hurefuka, kisha huanza kula meno ya gia. Anayeuacha mnyororo mmoja hadi mwisho hulazimika kununua mnyororo, gia za nyuma na pengine za mbele kwa pamoja.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya inayofuata ni nusu inchi, hivyo nafasi 24 za mnyororo mpya ni sentimita 30.48. Mwendeshaji huweka rula juu ya mnyororo uliovutwa na kupima nafasi hizo 24. Urefu ukizidi kwa milimita 1.5, mnyororo ubadilishwe. Ukizidi kwa milimita 3, huenda meno ya gia yamekwisha kuliwa, na mnyororo mpya utaruka juu yake. Kuufuta mnyororo vumbi na kuutia mafuta kidogo baada ya safari za mvua au za barabara za udongo huongeza maisha yake.

Klabu kabla ya duka

Njia ya uhakika zaidi ya kupunguza gharama ni kutonunua peke yako. Nchini Kenya, mwendeshaji wa zamani wa timu ya taifa David Kinjah amewalea vijana kwa miaka mingi katika eneo la Kikuyu, karibu na Nairobi, kupitia kundi la Safari Simbaz. Vijana hao hufundishwa kuendesha na pia kutengeneza baiskeli. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara nne, alianza mazoezi na Kinjah alipokuwa mtoto.

Nchini Rwanda kuna Benediction mjini Rubavu, pamoja na klabu za Rwamagana, ambako Niyonshuti ameanzisha chuo cha kufundishia vijana. Hapa Uganda, Masaka Cycling Club ni mfano wa klabu iliyokua mbali na mji mkuu.

Klabu inaweza kununua pampu moja nzuri, seti moja ya vifaa vya ufundi na katoni ya tairi kwa bei ya jumla. Kijana anayekua huiacha fremu ndogo kwa mdogo wake klabuni na kuchukua iliyo kubwa. Zaidi ya hayo, baiskeli na misaada kutoka nje hupitia kwa urahisi zaidi mikononi mwa chombo kilichosajiliwa na kinachotambuliwa na shirikisho la taifa kuliko kwa mtu mmoja mmoja.

Kijana ambaye bado hana klabu wala baiskeli ya mbio hana sababu ya kukaa bure. Baiskeli ya kawaida ya chuma, ile ambayo Kenya huitwa Black Mamba, ina uzito wa takriban kilo 20 na gia moja, na bado inajenga mapafu na miguu. Baadhi ya mashindano ya Kenya na Rwanda hutenga kundi maalumu kwa baiskeli za aina hiyo, na makocha huyatazama ili kutambua vipaji.

Mzazi anayeombwa fedha na mwanawe anaweza basi kumtaka mambo matatu kwanza: ajiunge na klabu iliyo karibu, afanye mazoezi kwa miezi kadhaa kwa baiskeli ya kuazima au ya nyumbani, na ajifunze kubadilisha mnyororo, tairi na waya wa breki kwa mikono yake mwenyewe. Atakayetimiza hayo atakuwa amejua kimo cha fremu yake na bei halali ya vipuri vya mji wake, na kocha atakuwa amejua kama ana uwezo wa kushindana. Ununuzi utakaofuata utakuwa mdogo kuliko ule aliouomba siku ya kwanza, na hautaigharimu familia shamba wala ng'ombe.